Roki Katika Ghala la Mpunga

Mgeni alifungua mlango katikati ya ubeti wa pili. Hakubisha hodi. Mwanga wa asubuhi uliingia ghalani pamoja na vumbi, mngurumo wa pikipiki iliyoachwa inawaka nje, na kuku mmoja aliyekuwa akiuvizia mpunga tangu alfajiri. Falonne akaacha kuimba. Espoir, mpiga ngoma, akabaki na vijiti hewani juu ya mapipa ya mawese aliyoyageuza kuwa ngoma. Déo, aliyekuwa amepiga magoti mbele ya kompyuta yake, akafumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

“Funga mulango!” Falonne alipiga kelele. “Hauone kama tuko narekodi?”

Mgeni akaufunga, ila yeye akiwa ndani. Viatu vyake vilikuwa vimefungwa mifuko ya plastiki ili matope ya barabara yasiviguse. Akaivua mifuko hiyo polepole, akaikunja, akaitia mfukoni, kisha akayatazama magunia ya mpunga yaliyopangwa ukutani hadi karibu na bati.

“Kumbe njo hapa,” alisema. “Tangu ku soko nasikia makelele.”

“Haiko makelele. Iko roki.”

“Na roki iko nini?”

“Iko makelele yenye kupangwa, papa,” Espoir alijibu, na Falonne akamkata jicho.

Mgeni alicheka kwa adabu. Akasema anaitwa Célestin, na kwamba ametumwa na Patron Gédéon.

Hakuhitaji kueleza zaidi. Gédéon alinunua dhahabu ya machimbo mengi ya Kabambare, na alinunua pia mpunga wa kuwalisha wachimbaji. Kwenye nyimbo aliitwa Mvua ya Kabambare. Falonne alikuwa ameliimba jina hilo kule Kasongo mara nyingi kuliko jina la mama yake mzazi, na ndiyo sababu sasa alikuwa hapa karibu na machimbo, kwenye ghala la mjomba wake, anapiga gitaa lililochongwa na fundi wa mitumbwi.

Katika orkestra aliyoiacha, Radi ya Kasongo, gitaa halikuwa mali ya anayelipiga. Vyombo vyote vilikuwa vya mtu mmoja ambaye kila mwanamuziki alimwita Prezida, na mwenye vyombo ndiye mwenye orkestra, mwenye nyimbo, na mwenye kuamua ni majina ya nani yatatupwa ndani yake. Tajiri akilipa, mwimbaji anamtaja. Watu wote wa muziki hufanya hivyo, na Falonne naye alifanya. Lakini mwaka jana alitunga wimbo juu ya mama yake, aliyelima mihogo ng’ambo ya mto hadi mgongo ukapinda. Prezida aliupenda. Akaufuta ubeti wa pili, akaweka matajiri mahali pake. Siku ya kuuimba mara ya kwanza, kwenye arusi, Falonne alifika pale ambapo mama yake alipaswa kuwepo, akamkuta Gédéon. Alinyamaza. Akavua gitaa, akaliweka juu ya kiti, akapita katikati ya wageni wakiwa na chupa mikononi.

“Wende!” Prezida alisema kwenye mikrofoni, na arusi nzima ikasikia. “Utarudi na miguu yako mwenyewe! Nani atakupatia hata kamba ya gitaa?”

Kasongo hakuna aliyempa. Ndipo alipokwenda Nyangwe, kando ya mto, akamwomba fundi wa mitumbwi amchongee mwili wa gitaa kutoka kipande kilichobaki cha mti wa mtumbwi. Nyuzi alizitoa kwenye waya wa breki za baiskeli, akazichambua moja moja hadi vidole vikatoka damu. Déo, rafiki yake wa shule aliyemaliza chuo na sasa anatengeneza simu, alizungusha waya wa shaba kwenye sumaku ya redio mbovu, gitaa likapata sauti. Sauti hiyo ilitokea kwenye spika iliyochanika, ikawa inakwaruza kama changarawe chini ya tairi. Déo alitaka kuiziba ile spika. Falonne alimkatalia. Miaka mingi alikuwa akisikiliza roki kwenye kadi ya simu iliyosahauliwa na fundi wa mnara, na sauti aliyoitafuta ilikuwa hiyo hiyo ya kuchanika.

Ghala la mjomba Placide liliwafaa kwa sababu ya mpunga. Magunia yaliumeza mwangwi wote, sauti ikabaki safi na ya karibu, kana kwamba mwimbaji amesimama sikioni mwako. Siku ya kwanza, kabla ya kurekodi chochote, Falonne aliwasimamisha wenzake wawili akasema: “Mu hii albamu hakuna jina. Hata la mutu mumoja.” Walikubali. Albamu hii ikitoka, itajulikana kwamba mtu anaweza kuimba bila kuuza kinywa chake. Isipotoka, Prezida atakuwa amesema kweli.

“Patron amesikia habari yenu,” Célestin aliendelea. “Anapenda vijana wenye kujaribu. Atawaletea jenereta na ampli ya kweli. Kisha mutaenda Bukavu, mu studio kubwa, wasafishe nyimbo zote. Na vidio juu.”

Déo alifumbua macho. Kompyuta yake ilikuwa ikizima kila ilipopata joto, na neno Bukavu lilimpitia usoni kama upepo.

“Na yeye anataka nini?” Falonne aliuliza.

“Jina tu, dada. Mu kila wimbo, mara moja ao mara mbili. Kitu ya kawaida. Wote wanafanyaka.”

“Mi nilitoka Kasongo juu ya ile ile jina. Sasa umeipanda pikipiki, umeipitisha mu matope yote haya, umeniletea tena?”

“Jina haina uzito, dada.”

“Basi aibebe mwenyewe.”

Espoir alipiga pipa moja, pa!, jinsi wapiga ngoma wanavyofanya mtu anapotoa neno la kuchekesha. Célestin hakukasirika. Aligusa gunia kwa kiganja, kama anayempapasa ng’ombe.

“Hii mupunga ni ya nani?”

“Ya mjomba wangu.”

“Na mununuzi wake ni nani?”

Wote watatu waliyatazama magunia. Célestin alivaa tena mifuko yake juu ya viatu.

“Lori itakuja Ijumaa,” alisema, akatoka. Kuku alibaki.

*

Walirekodi kuanzia mapambazuko hadi jua linapozama, kwa sababu walijua kitakachotokea magunia yakiondoka. Espoir alianza kumwita Falonne Prezida. Falonne akamrushia kandambili, ikampata begani, naye akaendelea kumwita hivyo hivyo, na wote watatu walicheka kwa sababu walikuwa wamechoka. Nyimbo zilikuja kali. Ule wa mama yake ulirudi na ubeti wake wa pili, na Falonne alipouimba alipiga gitaa kwa hasira kiasi kwamba uzi mmoja ulikatika, Déo akakataa kurudia. “Uache hivyo,” alisema. “Inasikika kama mutu anavunja mulango.”

Siku ya Jumatano betri ilikufa. Ilikuwa betri kuukuu ya sola, na mvua ilikuwa imeziba jua tangu wiki iliyopita. Kompyuta ikazima. Spika ikatoa mlio mmoja mwembamba, halafu kimya. Wimbo mmoja ulikuwa umebaki, ule wa mwisho, na haukuwa hata na maneno kamili.

Mama Nabintu alikuwa amekuja kuwauzia bugali na sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, kama kila siku. Alikuwa Mshi kutoka Kabare, mbali huko upande wa Bukavu, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyefika machimboni pamoja na mdogo wake na sasa anapika peke yake. Akaitazama ile betri kama mtu anavyomtazama mgonjwa.

“Hii imekwisha, batoto wangu. Mungojee.”

Alirudi amejitwika betri kubwa ya lori. Akaiteremsha polepole, akakaa juu ya gunia ili kupumua.

“Ya nani, mama?” Déo aliuliza.

“Ilikuwa ya mudogo wangu, Murhula. Alikuwa nayo ya taa, mule mu shimo. Mukamate, mufanye kazi.”

“Tutakulipa namna gani?” Falonne alisema. “Hatuna kitu.”

“Nani ameomba feza?” Alijipangusa uso kwa kitenge. “Shimo ilianguka mwaka jana. Siku mbili zilipita, njo tulimutoa. Ile shimo ilikuwa ya Patron Gédéon. Hawakusema kitu. Mu radio hapana, mu misa walisema tu ‘wafu wetu wa machimbo’. Wafu wetu! Mudogo wangu alikuwa na jina. Nasikia munaimba. Mumutaje.”

Falonne aliinamisha kichwa. Aliwaona Déo na Espoir wakimwangalia.

“Mama, mi niliapa. Tulisema mu albamu hakuna jina hata moja.”

“Mulisema juu ya nani? Juu ya wenye kulipa.” Nabintu hakupandisha sauti. “Murhula hataweza kukulipa. Usiogope.”

Kuku alikwaruza sakafu. Nje mwendesha baiskeli alipita akipiga kengele, ingawa barabara ilikuwa tupu.

“Mara moja,” Falonne alisema mwishowe. “Nitalitaja mwanzoni, mbele ya wimbo, gitaa ikiwa imenyamaza. Watu wasikie vizuri. Nimekuahidi, mama.”

“Murhula wa Kabare,” Nabintu alisema. “Hivyo tu.”

*

Nabintu hakuona sababu ya kulificha jambo zuri. Siku iliyofuata aliwaambia wote walionunua sombe kwake, wachukuzi, wauza mafuta, hata askari mmoja: mdogo wangu atatajwa mu albamu ya batoto, hata kama waliapa hakuna jina. Ijumaa, lori lilipofika na kusimama mbele ya ghala, Célestin alikuwa tayari anajua.

Wachukuzi walianza na magunia ya mlangoni. Mjomba Placide alisimama kando, kofia mkononi, akiyatazama yakitoka. Célestin alimvuta Falonne chini ya kivuli cha lori.

“Dada, nimeongea na Patron. Amekuelewa. Jina yake, muache. Hataki tena.”

Falonne alimtazama bila kuelewa.

“Kweli. Jenereta anatoa, ampli anatoa, Bukavu mutaenda. Bila jina yake hata mara moja. Anaheshimu ile uliapa: hakuna jina. Basi, ifuate. Hakuna jina.” Akakohoa kidogo. “Hata ile ya kijana wa Kabare.”

Déo alikuwa amesogea karibu. Falonne alimwona akimeza mate. Mjomba naye alikuja, akasema kwa sauti ya kunong’ona, kana kwamba lori lina masikio:

“Mwana wa dada yangu, sikiliza muzee wako. Mi nauzia huyu mutu kila mavuno. Batoto wangu wanasoma na feza ya hii mupunga. Kama unamutaja yule kijana, siwezi kukuacha mu hii nyumba. Sitaki kukufukuza, lakini siwezi.”

“Najua, mjomba.”

“Falo,” Déo alisema. “Ni jina moja. Ile ya kuapa ni yako mwenyewe. Hautavunja kitu. Tungeenda Bukavu na albamu yako yote, hivi ilivyo, bila mutu kuigusa.”

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomuuma. Kila alichokitaka kilikuwa kimesimama mbele yake: albamu nzima, safi, isiyo na jina la tajiri hata mmoja. Angeweza kurudi Kasongo nayo na kupita mbele ya mlango wa Prezida. Hakuna ambaye angemwambia kwamba ameuza kinywa. Labda mama mmoja mwenye sufuria ya sombe, na yeye asingesema lolote, angeendelea kupika.

Alimgeukia Célestin.

“Ulimujua?”

“Nani?”

“Yule kijana.”

Célestin aliangalia viatu vyake vyenye mifuko.

“Nilikuwa pale siku ya kumutoa,” alisema. “Mi njo nilishika taa.”

“Basi sema jina yake. Hapa, mbele yangu. Ukisema, nitalitoa mu wimbo.”

Mchukuzi mmoja alipita na gunia begani, mwingine akafuata. Célestin alifungua mdomo. Akamtazama dereva wa lori, aliyekuwa ameegemea dirisha, anasikiliza. Akafunga mdomo.

“Unaona iko na uzito,” Falonne alisema. “Mutu mukubwa kama weye haiwezi kuinyanyua. Umuambie Patron aksanti. Jenereta aipeleke mu machimbo, watu wapate hewa.”

“Utaimba mu barabara, dada.”

“Barabara yetu iko na matope, watu hawapitake mbio. Watanisikiliza.”

Espoir, aliyekuwa ameketi juu ya pipa lake mlangoni, alicheka hadi akainama. Célestin alitikisa kichwa, akaenda kuhesabisha magunia. Hakugeuka tena.

Falonne alimfuata mjomba wake, akamshika mkono.

“Unipatie nafasi mupaka lori iondoke. Wimbo moja tu. Kisha natoka.”

Mjomba aliutoa mkono wake taratibu. Akavaa kofia, akaenda kusimama upande wa pili wa barabara, mgongo ukiwa kwa ghala. Falonne alielewa kwamba hilo lilikuwa jibu la ndiyo.

*

Gunia la mwisho lilipotoka, ghala liligeuka kitu kingine. Kuta za tofali zilionekana zote, na kila hatua ilirudi mara mbili. Déo alipiga kofi moja, akasikiliza, akakunja uso.

“Haitafanana na zingine,” alisema. “Mutu akisikiliza, atafikiri ni albamu mbili. Na studio hakuna ya kuisawazisha.”

“Umekasirika?”

“Kidogo.” Aliunganisha waya kwenye betri ya Murhula, akajaribu taa ya kompyuta, ikawaka. “Ile ya Bukavu niliitaka sana, Falo. Nisikudanganye.”

“Hata mi.”

“Najua. Njo maana nimebaki.”

Nabintu alikuja bila sufuria. Alikuwa amevaa kitenge cha kwenda kanisani. Hakuna aliyemweleza kuhusu Bukavu, na Falonne hakutaka aelezwe. Walimwonyesha mahali pa kukaa, karibu na mlango, wakamwomba asikohoe. Alifunga mdomo kwa mkono kuanzia hapo hapo, hata kabla ya kuanza.

Nje lori liliwashwa. Walingoja limalize kupanda mlima mdogo wa njia ya machimboni, likapunguza sauti, likatoweka. Déo aliinua kidole. Kwenye kompyuta mstari mwekundu ulianza kutembea.

Falonne aliweka kiganja juu ya nyuzi ili zisitoe hata pumzi. Alisogelea mikrofoni. Alikuwa ameliimba jina la Mvua ya Kabambare kwa mapambo ya kila aina, kwa kulivuta, kwa kulirudia, kwa kulipandisha juu kama bendera. Hili hakulipamba. Alilisema kama mtu anavyomwita mwenzake aliye upande wa pili wa uwanja, akitaka ageuke.

“Murhula wa Kabare.”

Kuta tupu zililichukua, zikalirudisha, zikalichukua tena. Espoir hakugusa pipa. Déo hakuinua macho. Nabintu alibaki na mkono mdomoni, mabega yakipanda na kushuka, lakini sauti haikutoka, kwa sababu alikuwa ameombwa asikohoe na yeye pia alikuwa mtu wa neno lake.

Falonne alingoja mpaka jina liishe lenyewe. Kisha akaondoa kiganja, akapiga nyuzi zote kwa pamoja, na roki ikaanza.